Bunduki mpya haijarogwa

Mkoani Rukwa upo mji ambao jina lake peke yake ni mahubiri. Mji huo ni Sumbawanga. Wenyeji husimulia kwamba jina hilo limetokana na maneno ya Kifipa yenye maana ya "tupa uchawi", yaani anayeingia mjini aache mambo hayo huko huko alikotoka. Ajabu ni kwamba watu wa mikoa mingine wakilisikia jina hilo, badala ya kuutupa uchawi ndipo wanapoukumbuka. Leo tutazungumzia jambo moja ambalo hata watu wazima, wenye elimu na magari yao, huliita uchawi. Jambo lenyewe ni bunduki mpya ya kuwindia inayokosa shabaha.

Tumchukue mtu mmoja, na hatuna haja ya kumtaja jina kwa sababu wapo wengi. Amefuata taratibu zote za kumiliki silaha. Amejaza fomu, amehojiwa, amekwenda polisi na kurudi, na mwisho amenunua dukani bunduki mpya inayong'aa. Amepata na leseni ya kuwinda. Anapakia gari, anapita Tunduma, anafika Sumbawanga, kisha anateremka kwenye Bonde la Ziwa Rukwa. Asubuhi ya kwanza anamwona swala amesimama ubavu, umbali usiozidi hatua mia. Anafyatua, swala anatimua mbio. Anampata mwingine, anafyatua tena, na vumbi linaruka pembeni. Jioni kambini maneno ni yale yale: bunduki hii imechezewa, au huku kuna watu wametufunga.

Pengine wewe msikilizaji wa Kariakoo au wa Mwanza mjini unajiuliza bunduki inakuhusu nini, maana nyama yako unainunua buchani. Inakuhusu. Bunduki mpya za kuwindia, pamoja na darubini zake, ni ghali, na wengi wanaozimudu ni watu wa mijini. Lakini anayelipa gharama ya risasi iliyopotea si mtu wa mjini. Swala aliyepigwa tumboni hufa kwa mateso kichakani, siku mbili tatu baadaye, na hakuna anayefaidi nyama yake isipokuwa fisi. Nyati aliyejeruhiwa ni balaa jingine. Huyo hujificha kwenye majani marefu akiwa na maumivu na hasira, na mtu wa kwanza kukutana naye huenda asiwe mwindaji, ambaye pengine amekwisha rudi Dar es Salaam. Huenda akawa mama anayekata kuni au kijana anayechunga ng'ombe.

Ndiyo maana sheria haikulinyamazia jambo hili. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, kama ile ya mwaka 1974 iliyoitangulia, inamtaka mwindaji aliyejeruhi mnyama afanye kila awezalo kummaliza mapema, na mnyama wa hatari akimponyoka atoe taarifa kwa wahusika. Kwa hiyo kujua kama bunduki yako inapiga pale unapolenga si anasa ya wapenda michezo. Ni wajibu wako kabla ya kukanyaga porini.

Hebu kwanza tuelewe bunduki yenyewe. Gobore ambalo babu zetu walilishindilia baruti kwa mdomoni lina mtutu laini ndani kama bomba la maji. Risasi yake hutoka ikiyumba, na kwa umbali unaozidi meta hamsini hivi, kupata ni bahati. Bunduki ya kisasa ya risasi moja moja ni tofauti. Ukichungulia ndani ya mtutu wake utaona mifereji inayozunguka kama uzi wa skrubu. Mifereji hiyo huikamata risasi na kuizungusha, na mzunguko huo ndio unaoifanya risasi iende imenyooka, kama pia inavyosimama wima kwa sababu inazunguka. Basi bunduki ya namna hii isipopiga mahali pamoja, ipo sababu, na sababu hiyo inaweza kutafutwa na kuonekana.

Watu wengi hukosea pale wanapodhani kwamba kitu kipya ni kitu kilichokamilika. Mafundi wa zamani wa Ufipa hawakuwa na mawazo hayo. Wafipa walikuwa mabingwa wa kuyeyusha chuma, na mabaki ya matanuru yao marefu ya udongo, yaitwayo malungu, yangali yanaonekana katika uwanda ule. Lakini chuma kilichotoka kwenye lungu kubwa hakikupelekwa moja kwa moja kufuliwa jembe. Kilikuwa bado na takataka. Kilirudishwa motoni katika tanuru dogo, kikasafishwa, ndipo mhunzi akakishika. Bunduki iliyotoka kiwandani nayo ni chuma cha tanuru la kwanza. Kazi ya pili ni ya mwenye bunduki.

Kazi hiyo huanza kwenye karatasi. Nenda mahali palipoidhinishwa kupiga shabaha, penye kilima au tuta nene la udongo nyuma ya karatasi, na pasipo njia ya watu wala mifugo. Kabla ya lolote, soma maandishi yaliyochongwa kwenye mtutu na uyalinganishe na maandishi ya boksi la risasi. Yasipolingana sawasawa, usifyatue hata moja, maana hapo hatuzungumzii tena kukosa shabaha bali bunduki kupasuka usoni.

Kisha futa mtutu. Bunduki mpya hutoka kiwandani na mafuta ndani ili isishike kutu, na risasi ya kwanza kupita katika mafuta mara nyingi huenda kwake peke yake. Pitisha kitambaa kikavu mpaka kitoke safi. Keti kwenye meza imara, weka mbele mfuko wa mchanga, na mwingine mdogo chini ya kitako. Kinacholala juu ya mfuko ni ule mti wa mbele wa bunduki. Mtutu wenyewe usiguse kitu. Anza kwa meta 25 ili uhakikishe risasi zinaingia kwenye karatasi, ndipo urudi nyuma mpaka meta 100. Piga risasi tatu kwa kulenga mahali pale pale, bila haraka. Acha mtutu upoe mpaka uweze kuushika kwa kiganja bila kuungua, kisha piga nyingine tatu.

Sasa nenda ukasome karatasi yako, maana jibu limo humo. Yapo magonjwa mawili, na dawa ya moja si dawa ya jingine. Ugonjwa wa kwanza ni matundu kukaa pamoja lakini mbali na pale ulipolenga. Ugonjwa wa pili ni matundu kutawanyika, moja juu, moja kushoto, la tatu halionekani. Mwenye ugonjwa wa kwanza ana bunduki nzuri. Kilichokosewa ni darubini au kilengeo tu. Mwenye ugonjwa wa pili hata akizungusha darubini mpaka jua lizame hatapona, kwa sababu kinachohitaji kurekebishwa hakimo kwenye darubini.

Tuanze na ule mwepesi. Darubini nyingi za bunduki zina vifundo viwili. Kimoja hupandisha na kushusha pigo, kingine hulipeleka kulia na kushoto. Kila ukizungusha kifundo husikika mlio mdogo. Katika darubini nyingi mlio mmoja husogeza pigo kama milimita 7 kwa umbali wa meta 100, na katika nyingine husogeza sentimeta 1. Soma maelezo ya yako. Tuseme matundu yako yamekusanyika sentimeta 14 chini ya ulipolenga, na mlio mmoja ni milimita 7. Gawanya, utapata milio 20 ya kupandisha. Ingekuwa kwenye meta 25, mlio huo huo ungesogeza robo tu ya hapo, kwa hiyo ungehitaji milio 80. Hii ni hesabu ya shule ya msingi, wala haihitaji mganga. Baada ya kurekebisha, piga tatu nyingine uhakikishe.

Jambo moja la kuangalia: usirekebishe darubini kwa kufuata risasi moja. Mtu hupiga moja, ikienda kushoto anazungusha kulia. Ya pili ikienda juu anazungusha chini. Mtu huyo anakimbiza kivuli chake mwenyewe, na mwisho wa boksi hajui alipoanzia. Risasi tatu ndizo zinazosema pamoja.

Je, matundu yakusanyike kiasi gani? Bunduki ya kawaida ya kiwandani ikiweka risasi tatu ndani ya sentimeta 5 kwa meta 100, mwindaji hana la kulalamika. Ikitawanya sentimeta 20, pana kasoro. Mtawanyiko huo hukua pamoja na umbali. Sentimeta 20 za meta 100 zitakuwa kama 40 kwa meta 200, na sehemu ya moyo na mapafu ya swala haina upana huo. Hapo mwindaji anapiga ramli tu, ila ramli yake ina baruti ndani.

Kwa ugonjwa wa pili, yaani kutawanyika, kanuni ni moja: badili kitu kimoja kwa wakati mmoja, na ukiandike kwenye daftari. Anayekaza skrubu, akabadili risasi na kusafisha mtutu kwa siku moja, hata bunduki ikipona hatajua ilikuwa inaumwa nini, na ikirudia atakuwa pale pale.

Cha kwanza ni skrubu. Zipo zinazoshika chuma cha bunduki kwenye mti wake, na zipo zinazoshika darubini. Mojawapo ikilegea kidogo tu, kila risasi hukuta bunduki imekaa mahali tofauti. Tumia bisibisi inayojaa sawasawa kwenye mfereji wa skrubu, na kaza kwa kiasi kilichotajwa katika kitabu cha bunduki, maana ukizidisha unaponda mti au kukata uzi. Kasoro nyingi za bunduki mpya huishia hapa, na dawa yake haina gharama yoyote.

Cha pili ni risasi. Huenda hukujua, lakini kila mtutu una risasi unazozipenda. Chukua bunduki ya .30-06, aina iliyoanza mwaka 1906 na ambayo wawindaji wengi wanaifahamu. Risasi zake huuzwa kwa uzito mbalimbali, na wa kawaida ni kama gramu 9.7 na gramu 11.7. Zote zinaingia na zote zinalia, lakini hazipigi mahali pamoja. Mtu anayechanganya masalio ya boksi hili na lile asishangae matundu yakitawanyika kama kuku waliorushiwa jiwe. Jaribu aina mbili au tatu, kila moja kwa zamu yake, kisha shikamana na ile ambayo mtutu wako umeikubali.

Hapa ndipo tunapofika kwenye kiini cha tatizo letu. Risasi zinanunuliwa kwa kibali na ni ghali. Mtu mwenye risasi ishirini anaona uchungu kupoteza kumi kwenye karatasi, kwa hiyo anakwenda kuijaribu bunduki kwa mnyama. Anaona ameokoa. Lakini hebu apige hesabu ya mafuta ya gari, leseni, posho za watu na siku alizokaa porini, kisha alinganishe na bei ya risasi kumi. Risasi ya karatasi ndiyo rahisi kuliko zote.

Cha tatu ni uchafu. Kila risasi huacha ndani ya mtutu masizi ya baruti na utando mwembamba wa shaba. Utando huo ukizidi, mifereji haishiki risasi vizuri. Safisha kwa dawa yake, ukiingiza fimbo kutoka nyuma kila inapowezekana, na uchunge sana mdomo wa mtutu. Mdomo huo ndio wa mwisho kuiaga risasi. Ukipata hata mkwaruzo mdogo upande mmoja, risasi itatoka imesukumwa pembeni.

Cha nne ni mti wa bunduki. Mti ni mti, hata ukipakwa vanishi. Uwanda wa Ufipa hukauka sana wakati wa kiangazi, na mvua zikianza hewa hubadilika. Mti huo huvimba au kusinyaa, ukaanza kuusukuma mtutu. Chukua kipande cha karatasi ukipitishe kati ya mtutu na mti. Kikikwama upande mmoja, umepata dalili. Lakini usikimbilie kisu. Zipo bunduki zilizotengenezwa makusudi ziguse hapo mbele. Kazi ya kuchonga ni ya fundi wa silaha mwenye leseni, si ya fundi wa vitanda.

Cha tano, na ndicho kigumu kutamka mbele ya watu, ni mwindaji mwenyewe. Bunduki kubwa ina teke. Mfano ni .375, iliyobuniwa Uingereza mwaka 1912 na kupendwa na wawindaji wa nyati katika nchi zetu. Bega likishaonja teke lake, mwili hujifunza kuogopa. Sekunde ile ile kidole kinapobonyeza kifyatulio, jicho linafumba na bega linasukuma. Mwenyewe hajui. Ipo njia ya kumfichua. Rafiki unayemwamini akupe bunduki mkiwa pale pale uwanjani, mara akiwa ameweka risasi ya kweli, mara risasi bandia, nawe usijue ni ipi. Ukibonyeza kwenye bandia na mdomo wa mtutu ukaruka, aliyeruka si bunduki. Dawa yake ni mazoezi ya polepole, kinga ya masikio na pedi ya begani. Na kama bado inakushinda, chukua bunduki ndogo kwa wanyama wadogo, wala si aibu.

Wengine husema kinachoharibu ni mwinuko. Sumbawanga iko karibu meta 1,800 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Rukwa liko chini yake kwa kama meta 1,000. Ni kweli hewa ya juu ni nyepesi, na risasi huipenya kwa urahisi zaidi. Lakini kwa umbali wa kuwindia wa meta 100 au 150, tofauti hiyo haifiki hata sentimeta moja. Usimsingizie mlima. Cha kuogopa ni safari yenyewe. Gari linaloteremka ukingo wa uwanda kutoka Ntendo kwenda Muze hutikisa kila kilichomo, na darubini iliyokazwa vizuri Dar es Salaam inaweza kufika bondeni imegeuka. Kwa hiyo ukifika, kabla ya kuwinda, omba kwa askari wa wanyamapori mahali pa kupigia risasi mbili tatu kwenye karatasi. Hata mwindaji mzoefu hufanya hivyo.

Na kama umefanya yote haya, skrubu zimekazwa, risasi za aina tatu zimejaribiwa, mtu mwingine mwenye uzoefu ameipiga, na bado matundu yanatawanyika? Hapo, ndugu yangu, una haki ya kurudi dukani. Lakini rudi na karatasi zako za shabaha zenye tarehe, umbali na aina ya risasi. Muuzaji anaweza kumbishia mtu anayelalamika, lakini ni vigumu kubishana na karatasi sita zinazosema jambo lile lile. Na usimpe mtu mwingine bunduki akakujaribie nyumbani kwake. Leseni ni ya kwako, na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haina mzaha.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Ni kweli, lakini hawakusema mkulima aende shambani na jembe lililolegea mpini. Kuchagua ni kutafuta visingizio, na kukagua ni kuitayarisha kazi. Mwindaji aliyekagua anajua mambo mawili: bunduki yake inapiga wapi, na yeye mwenyewe asizidi umbali gani. Kama risasi zake hukaa pamoja kwa meta 100 na kupotea kwa meta 200, basi mnyama wa meta 200 si wake. Amwache aende zake.

Yule mama wa kijijini anayeingia kichakani kukata kuni hajui bunduki yako ni ya kiwanda gani, wala ulinunua darubini kwa bei gani. Hajui hata kama ulipita huko. Anachotegemea, bila ya kukuomba, ni kwamba uliyefyatua risasi jana ulikuwa na hakika. Tuonane wiki ijayo.